Roshani Bila Nguzo: Nondo Zikae Juu

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinauliza juu ya kitu kimoja: sehemu ya jengo inayochomoza hewani, imeshikwa upande mmoja tu, mbele haina nguzo. Kwa wahandisi hiyo ni kantileva. Roshani ni kantileva, kibanda cha zege juu ya mlango ni kantileva, na yako madaraja makubwa ya reli ambayo ni kantileva. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu aliyeiandika amesimamisha kazi akisubiri jibu, na kwa sababu kosa analolieleza ninaliona saiti baada ya saiti, kuanzia Tanga hadi Mbagala.

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Najenga nyumba ya ghorofa moja Kigamboni. Fundi amenishauri roshani ya mbele itoke mita 2 bila nguzo, maana nguzo zitazuia gari kuingia. Nondo ameshasuka. Nilipomuuliza kama itashika, alinionyesha nondo za milimita 12 zilizopangwa chini, karibu karibu, akasema ni nyingi kuliko za sebuleni. Ukingoni anataka kupandisha ukuta wa tofali kimo cha mita moja, eti watoto wasianguke. Mume wangu yuko safarini, uamuzi ni wangu. Nimruhusu amwage zege?
Mama wa watoto watatu, Kigamboni

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimruhusu. Umefanya vyema kuuliza kabla, kwa kuwa zege likishakauka hakuna wa kuona nondo ziko wapi.

Tatizo si uchache wa nondo. Ziko upande usiohitajika. Nyoosha mkono mbele yako, halafu mtu akutundikie ndoo ya maji kiganjani. Utasikia misuli ya juu, pale begani, ikivutika hadi inauma, na upande wa kwapani ukibanwa. Roshani yako itafanya hivyo hivyo: upande wa juu utavutwa, wa chini utagandamizwa, na pahala pa taabu kubwa ni pale inapokutana na ukuta. Sisi tunapaita shina.

Slabu, yaani sakafu ya zege, ya sebule hali yake ni kinyume. Imelalia kuta au bimu (mihimili ya zege) pande zake, mzigo ukija inataka kubonyea katikati, kwa hiyo chini ndiko kunakovutwa. Zege huvumilia sana kugandamizwa, lakini likivutwa hupasuka upesi. Uwezo wake wa kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi tu ya uwezo wake wa kugandamizwa. Kazi ya kuvutwa tunaiachia nondo, ndiyo maana sebuleni nondo kuu hukaa chini. Fundi wako amezoea slabu za vyumba, mkono wake umemwelekeza huko huko. Simlaumu sana. Namlaumu anayempa kazi ya roshani bila mchoro.

Niliwahi kuitwa Tanga kuangalia roshani iliyoanguka usiku. Ilikuwa imekatika pale shinani kama iliyochorewa mstari, ikajikunja ukutani, ikabaki inaning'inia kwa nondo zake za chini. Nondo nzuri, nene, hazina kutu. Juu hapakuwa na hata moja ya kazi. Ilisimama muda wote ule kwa nguvu ya zege peke yake, mpaka siku watu walipokaa juu yake wengi pamoja kupunga upepo. Namshukuru Mungu walikuwa wameshaingia ndani kulala.

Sasa nenda na mhandisi aliyesajiliwa ukakague mambo haya. La kwanza ni hilo: nondo kuu zihamie juu. La pili, zisiishie ukutani. Zipite juu ya bimu ziingie ndani ya slabu ya chumba, angalau mara moja na nusu ya urefu uliochomoza. Kwa roshani ya mita 2, hiyo ni mita 3 ndani. Hapo wengi hushtuka, huona ni kupoteza chuma, lakini chuma kile cha ndani ndicho kinachoshika roshani isipinduke. Ikiwa nyuma ya roshani hakuna slabu, labda kuna uwazi wa ngazi au choo kilichoshushwa, mwambie mhandisi mapema, maana bimu itakuwa inasokotwa na lazima ipigiwe hesabu yake.

Angalia pia usawa. Roshani nyingi hushushwa sentimita chache ili maji ya mvua yasiingie chumbani, nalo ni jambo jema. Lakini zikishushwa, nondo za juu za roshani hazikutani tena na nondo za juu za chumba. Zinakuja chini yake. Fundi asiye na mchoro huzikata hapo akazikunja kidogo. Zinatakiwa zipite ndani ya bimu na kuendelea mbele kwa urefu kamili.

Halafu urefu. Mwanangu, mita 2 ni ndefu. Ukiongeza urefu wa kantileva kutoka mita 1 hadi mita 2, nguvu inayotaka kuipindua pale shinani huwa mara 4, si mara 2. Kuinama kwa ncha yake huwa mara 16, unene ukibaki ule ule. Kwa makisio ya awali, unene wa shina usipungue sehemu moja ya kumi ya urefu, kwa hiyo mita 2 zinataka sentimita 20 hivi, na sentimita 15 hazitoshi. Ungekuwa binti yangu ningekwambia utoe mita 1.2 na slabu ya sentimita 15. Kiti na meza ndogo vinaenea, na gari linapita.

Huo ukuta wa tofali mimi naukataa kabisa. Mita moja ya ukuta huo ikiwa na plasta inakaribia kilo 300, nao umewekwa ncha kabisa, mahali pabaya kuliko pote. Kwa roshani yako ya mita 2, ukuta peke yake ungeongeza karibu nusu nyingine ya mzigo wote unaolielemea shina. Weka reli ya chuma, kimo cha mita 1.1, fito zake ziwe za wima ili mtoto asipate pa kukanyagia, na nafasi kati ya fito isizidi sentimita 10.

Siku ya kumwaga zege uwepo mwenyewe. Nondo zikishafungwa vizuri juu, vibarua huja na karai na kuzikanyaga mpaka zinalala chini. Katika slabu ya sentimita 15, nondo iliyokaa sawa ina kina cha kazi, yaani umbali kutoka nondo hadi uso wa chini wa zege, cha sentimita 12 hivi. Ikikanyagwa ikashuka sentimita 4, theluthi moja ya nguvu imekwisha, na ukitazama juu unaona zege safi lililosawazishwa. Dai zifungwe miguu ya vipande vya nondo vya kuziinua, na pawekwe mbao za kupitia ili mtu asikanyage chuma.

Mirunda, ile miti ya muda inayoshikilia zege bichi, nayo isiondolewe kwa haraka, na iondolewe kwa utaratibu: anza nchani, urudi taratibu kuelekea ukutani. Ukianza kutoa ya ukutani ukaacha ya nchani, kwa muda ule roshani inageuka kuwa slabu iliyolala juu ya vitegemeo viwili, inavutwa chini ambako hukuweka nondo. Kuna roshani zilizosukwa vizuri zikapasuka siku ya kuondoa mirunda.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma kidato cha tano, nyumbani ni Sengerema. Daraja la Kigongo–Busisi lilipokuwa linajengwa, tukivuka kwa kivuko niliona mikono ya zege inatoka kwenye nguzo kwenda pande mbili, na chini ni maji tu. Ilikuwaje haikuanguka?
Msomaji, Sengerema

JIBU: Marahaba. Uliloliona ni kantileva mbili zilizopeana mgongo. Daraja hilo, ambalo sasa ni Daraja la J.P. Magufuli, lina urefu wa kilomita 3 hivi na lilifunguliwa Juni 2025. Katika ujenzi wa namna hiyo, kipande kikiongezwa upande wa Kigongo, kingine huongezwa upande wa Busisi, nguzo isielemewe upande mmoja. Kebo za chuma zilizovutwa kwa jeki hushika vipande vile visiachane. Mikono inazidi kurefuka hadi ikutane na ya nguzo jirani. Faida yake ndiyo hiyo uliyoiona ukiwa kwenye kivuko: ziwani hakuhitajiki msitu wa mirunda.

Fikra yenyewe ina umri mkubwa. Daraja la reli la Forth, Uskoti, lilifunguliwa Machi 1890, nalo ni la chuma, lina minara mitatu, kila mmoja umenyoosha mikono pande mbili. Uwazi wake mkubwa, yaani nafasi kati ya tegemeo na tegemeo, ni mita 521. Watu waliliogopa, maana mwaka 1879 daraja la Tay, huko huko Uskoti, lilikuwa limeanguka pamoja na treni. Benjamin Baker, aliyelisanifu Forth pamoja na John Fowler, akawaonyesha kwa watu. Aliketisha wanaume wawili vitini, wakanyoosha mikono, kila mmoja ameshika vijiti vinavyoegemea kiti chake. Mikono ya nje ikafungwa kwenye marundo ya matofali. Katikati, kwenye ubao ulioshikwa na mikono yao ya ndani, akakaa mhandisi kijana wa Kijapani, Kaichi Watanabe. Uzito wa Watanabe ulivuta mikono, ukakandamiza vijiti, na matofali ya nje yakazuia kila kitu kisipinduke. Jaribuni shuleni na wenzako, mtajifunza zaidi ya nilivyoandika hapa.

Na kwa kuwa unafikiria kusomea kazi hii, lijue pia daraja la Quebec, Kanada. Mhandisi mshauri Theodore Cooper aliurefusha uwazi wa kati kutoka mita 488 hadi mita 549, uzito mpya wa chuma haukukokotolewa upya kwa wakati, na daraja likawa zito kuliko lilivyohesabiwa. Agosti 1907, wakati mkono wa kusini unaendelea kurefuka juu ya mto, vyuma vya chini karibu na nguzo, vile vinavyogandamizwa, vilianza kupinda. Mhandisi kijana wa saiti, Norman McLure, alivipima, akaona mpindo unaongezeka, akasafiri hadi New York kumweleza Cooper ana kwa ana. Cooper akapeleka telegramu kwa kampuni iliyokuwa inatengeneza chuma kwamba mzigo usiongezwe. Saiti haikufikiwa. Jioni ya tarehe 29 Agosti mkono mzima ulianguka. Walikufa wafanyakazi 75, na zaidi ya 30 kati yao walikuwa Wamohawk, wenyeji asilia wa Amerika Kaskazini, wa kijiji kimoja, Kahnawake. Daraja lilianza upya, na mwaka 1916 kipande cha kati kikaanguka kikiwa kinapandishwa, wakafa wengine 13. Lilikamilika 1917, na mpaka leo hakuna daraja la kantileva lenye uwazi mrefu kuliko lake.

Hesabu za kantileva utazikuta chuoni, si ngumu. Mimi nikitaja Quebec nawataja wale 75, kwa sababu chuma kilitoa taarifa siku kadhaa kabla na mtu aliisoma sawasawa. Ukiwa kwenye saiti ukapima kitu kinapinda, simamisha kazi kwanza, ndipo upande gari.

SWALI: Asalaam aleykum. Babu yangu aliacha nyumba Mji Mkongwe, Unguja, ina roshani ya mbao yenye nakshi. Sisi tuko Muscat. Tunataka kuitengeneza, na mkandarasi anasema tuibomoe tuweke ya zege. Je, ile ya mbao nayo ni kantileva, na inafaa kubaki?
Msomaji, Muscat

JIBU: Waaleykum salaam. Nusu ni kantileva. Kwa kawaida boriti za sakafu hupenya ukuta mnene wa mawe na chokaa zikachomoza nje, halafu chini hutiwa mikono ya mbao iliyokaa mshazari kurudisha uzito ukutani. Uzito wa ukuta unaopanda juu ndio unaozikandamiza boriti zisinyanyuke. Roshani ile ni nyepesi, na ukuta ulijengwa kwa kuikadiria.

Kwa hiyo nawasihi msiibomoe. Roshani ya zege ni nzito mara nyingi, na ukuta wa mawe ya matumbawe hauna mahali pa kuzifungia nondo zake. Mtaupasua ukuta wa babu. Badilisheni boriti zilizooza, hasa zile ncha zilizomo ndani ya ukuta ambako unyevu hujificha, na mzibe kwa chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani na mbao inaoza tena. Mji ule ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, hivyo kibali kitoke kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla fundi hajagusa kitu.

SWALI: Habari Mhandisi. Nasomea usanifu majengo Nairobi. Ninachora nyumba yenye chumba kinachochomoza mita 4.5 juu ya bonde. Mwalimu anaipenda, mwenzangu wa uhandisi anasema ni fahari tupu. Nani mkweli?
Mwanafunzi, Nairobi

JIBU: Nzuri, mwanangu. Niulize kwanza: chumba kinachomoza kwa nini? Kama udongo wa bondeni ni laini na msingi hauwezi kwenda huko, una sababu. Kama unataka kivuli, una sababu pia, ila ujue kwamba Nairobi iko karibu kabisa na ikweta. Jua la mchana linapita juu, na paa fupi la kuchomoza linatosha upande wa kaskazini na wa kusini. Mashariki na magharibi jua huingia likiwa chini, na hata mita 4 za paa hazikusaidii asubuhi. Huko panda miti au weka vizuizi vya wima.

Yule msanifu majengo Mmarekani Frank Lloyd Wright alijenga nyumba ya Fallingwater, Pennsylvania, miaka ya 1930, roshani zake zikatoka karibu mita 4.6 juu ya maporomoko ya maji. Ni nyumba nzuri, nami sipingi uzuri wake. Lakini wahandisi wengine walipozitazama hesabu waliongeza nondo maradufu kwa siri, Wright akakasirika, na hata hivyo roshani iliinama. Kufikia miaka ya 1990 ncha ilikuwa imeshuka kama sentimita 18. Mwaka 2002 ikabidi kupitisha kebo za chuma na kuzivuta kwa jeki ili isiendelee. Bila chuma kile cha siri sidhani kama tungekuwa na nyumba ya kuisifu.

Zege lililobebeshwa mzigo huendelea kuinama polepole kwa miaka. Chora chumba chako, lakini chora pia kilichoko nyuma: kuta nzima za ghorofa zinazoweza kufanya kazi ya bimu, na chumba kizito upande wa mlimani cha kukishikilia. Mwenzako wa uhandisi akae nawe mezani tangu leo, wakati kalamu bado inafutika.

SWALI: Hujambo Mhandisi. Nimepanga ghorofa ya tatu Mombasa. Sakafu ya roshani imepata ufa mrefu sambamba na ukuta, kadi ya simu inaingia. Chini yake pana alama za maji ya kutu. Mwenye nyumba anataka apige plasta tu, na hapo hapo kwenye roshani ameweka tangi la lita 1,000. Nihofu?
Mpangaji, Mombasa

JIBU: Sijambo, lakini barua yako imenikosesha raha. Ndiyo, hofu, na acha kuitumia roshani hiyo leo.

Ufa unaopita kando kando ya ukuta, juu ya sakafu, uko mahali pale pale panapovutwa. Maji ya mvua yanaingia humo na kuangukia nondo za juu, na hewa ya pwani ina chumvi, inaila nondo upesi. Kutu hujaa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo hupanua ufa, maji yakazidi kuingia. Ile rangi ya kutu chini ina maana maji yameshavuka unene wote. Plasta itauficha ufa, haitarudisha chuma kilicholiwa. Slabu ya chumba ikichoka huwa ina kuta nyingine za kuegemea, hubonyea, hulia, inakupa nafasi. Roshani ina shina moja tu. Huko Berkeley, California, Juni 2015, roshani ya mbao iliyokuwa imeozeshwa na maji pale shinani ilikatika watu wakiwa juu yake, wakafa vijana 6. Kwa nje ilionekana roshani ya kawaida.

Tangi hilo likijaa ni tani moja kamili. Mwombe mwenye nyumba alifungulie maji litiririke mpaka liishe, halafu aliondoe, na mtu asisimame juu ya roshani kulivuta. Livutwe kwa kamba mkiwa chumbani. Funga mlango wa roshani kwa kufuli, na funguo zisikae mahali watoto wanafikia. Wajulishe majirani wa chini wasipite wala kuegesha gari chini yake. Kisha aitwe mhandisi aliyesajiliwa, atagonga zege kusikia palipoachana, na atafungua kidogo juu ya shina ili aone nondo zimebaki na unene gani. Huenda akaamuru iwekewe nguzo za chuma kutoka ardhini, huenda akaamuru ikatwe. Mwenye nyumba akikataa, piga picha ya ufa ukiwa umesimama ndani, weka rula kando yake, na upeleke kwa wakaguzi wa majengo wa kaunti pamoja na barua yenye tarehe. Majirani wenye roshani kama hiyo nao watie saini, kwa sababu roshani za jengo moja aghalabu zimesukwa na fundi yule yule.